Posa Iliyovunjwa na Uchaguzi wa Amerika

Mimi skuli niliiacha darasa la tano, na leo nna gereji tatu mtaa wa Wadi Kabir. Chaguzi za Amerika nimezisomea chini ya magari, televisheni ya gereji inapiga kelele juu ya kichwa changu. Nazijua kuliko wenye digrii.

Mtamu kuliko zote ni ule uliokwama kwenye jimbo moja, watu wazima wanakodolea macho vitundu vya karatasi za kura wiki baada ya wiki, mpaka mahakama ikaamua. Siku zile nilifunga gia boksi moja mara tatu kwa kutazama. Chapwa kabisa ni zile ambazo mtu mmoja anazoa karibu majimbo yote. Mshindi anajulikana hata chai haijapoa.

Haya ndiyo niliyowaeleza wageni waliokuja kwangu Darsait kumposa binti yangu. Kwetu siku ya posa muoaji hukaa kimya, mzee wake ndiye msemaji. Kijana mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo, kanzu yake ya dishdasha imenyooka, macho chini. Ami yake anaendelea kusifu ukoo, mimi nikamkatiza, nikamgeukia kijana makusudi.

"We msomi, kwako uchaguzi upi mtamu?"

Nilikuwa namtega. Angecheka tu, angepata mke.

"Niwie radhi, ami," akaniambia, "mimi naona hizo chapwa ndizo khasa. Nchi nzima kumpa mtu mmoja, lazima ujiulize watu walikuwa wanaogopa nini."

Ami yake akamkanyaga mguu. Jawabu lilikuwa zuri, wallahi, ndiyo maana liliniuma.

"Mashaallah! Ulimi unao, sasa huyu mzee umemsumbulia nini? Na mkwe ushaanza kumsomesha kabla ya ndoa! Malizeni kahawa, njia mnaijua."

Wakaondoka, halwa haijaguswa. Binti yangu akatoka jikoni na dele la kahawa mkononi.

"Baba, umemkataa kwa uchaguzi wa Amerika?"

"Nimemkataa kwa mdomo wake."

Yule sasa ana mke na watoto wawili, wanakaa Qurum. Binti yangu yupo kwangu, na kila uchaguzi tangu siku ile tunautazama pamoja. Huu wa mwisho nilimuuliza, kwa mzaha, yeye anaona upi uliokuwa chapwa kupita zote.

"Wa nyumba hii," akasema. "Mpiga kura mmoja, mshindi yuleyule."

Nikacheka sana. Yeye hakucheka. Nikamwambia kahawa imepoa, akaipashe moto.

Akaenda.