Mama Vifungo, Aliyekataa Kuandikwa Mke

Alizaliwa mwaka wa njaa kuu, mtoto wa tano wa mfyatua matofali, akabatizwa akiwa na siku nane. Alijifunza ushonaji kwa shangazi yake, na kwa kuwa kazi yake ya kwanza ilikuwa kutia vifungo kwenye sare za shule, wenzake walimbandika jina la Mama Vifungo kabla hajawa mama wa mtu. Mtoto hakupata kamwe.

Mwaka wa pili wa vita, akiwa na miaka kumi na saba, wapiganaji walivamia karakana ya shangazi wakachukua cherehani mbili na wasichana watatu. Yeye alikabidhiwa kwa kamanda wao. Kambini hakuna msichana aliyeitwa mateka. Wote waliitwa wake. Walipika, walifua, walibeba risasi, na waliingiliwa kwa nguvu. Aliyetoroka akakamatwa alipigwa mbele ya wenzake. Alikaa huko miaka mitatu na miezi minne. Alisali bila kupata faraja yoyote. Alilisema hilo mwenyewe, nasi hatuna sababu ya kulipamba.

Aliporudi, paroko alimuuliza mume wake yuko wapi. Kwa aibu, na kwa kukosa neno jingine, akajibu, "Yuko msituni, Baba." Paroko akaandika katika kitabu cha parokia: ameolewa, anaishi mbali na mumewe. Alikuwa padri mwema, mwangalifu wa vitabu. Sheria ya Kanisa ilimtaka aulize jambo moja tu, kama binti yule alikubali. Hakuuliza. Kisha seremala mmoja akaja kumposa, akaambiwa binti ana mume. Alirudi kwa paroko mara nne katika miaka tisa.

"Baba, mume gani huyo asiyejulikana hata na wakwe zake?"

"Kitabu ndicho kinachosema, mwanangu."

Seremala akafa kwa homa ya mapafu, hajaoa.

Miaka ishirini na miwili baada ya vita, kamanda alifikishwa mahakamani. Mashahidi walikuwa wanawake kumi na wawili, na Mama Vifungo ndiye aliyetangulia. Karani alipomsomea maelezo yake, "Shahidi alikuwa mke wa mshtakiwa," alinyanyua mkono.

"Mwanangu, hapo futa. Sikuwa mke."

Wakili wa kamanda akatabasamu. "Mama, miaka mitatu unakula kwake, unalala kwake. Hiyo si ndoa?"

"Mbwa wako naye anakula kwako, analala kwako, wakili. Umemuoa?"

Watu wakaangua kicheko; jaji akagonga meza. Mama Vifungo hakucheka. Alijua kwamba neno lile likibaki, kosa lote litageuka ugomvi wa nyumbani.

"Mke huulizwa kama anataka," alisema. "Mimi hakuna aliyeniuliza. Andikeni mtumwa, au futeni ushahidi wangu wote."

Wale kumi na mmoja, ambao nao walikuwa wameandikwa wake, waliomba mmoja mmoja maelezo yao yasahihishwe. Hukumu ilitamka kwamba walikuwa watumwa, na kwamba kuwaita wake kulikuwa sehemu ya uhalifu wenyewe.

Alipeleka nakala ya hukumu kwa paroko mpya, akaomba kitabu nacho kisahihishwe. Paroko alisema ni lazima askofu aamue.

"Serikali imenikalisha miaka ishirini na miwili, Baba. Kanisa ni mama, litaniwahi."

Halikumuwahi. Alifariki mwaka wa sita wa kusubiri, akaandikwa katika kitabu cha vifo kuwa ameolewa. Barua ya askofu ya kuruhusu kitabu kisahihishwe ilifika wiki tano baada ya maziko.

Wapo wanaosimulia kwamba alipokata roho chumba kilijaa harufu ya maua. Muuguzi aliyekuwepo anasema alisikia harufu ya dawa tu. Ajabu iliyothibitishwa ni ya wale wanawake kumi na mmoja, ambao kabla ya siku ile ya mahakamani hawakuwahi kulitamka jambo hilo hata kwa mama zao.

Anayetaka kumwiga asianze na mishumaa. Amuulize mtu kwanza, asubiri jibu lake, ndipo aandike. Sisi wa parokia yake tuliandika kwanza.