Kungu Waliovunjwa Shingo

Wifi yangu Farida alikamatwa akiwa na kungu wanne waliovunjwa shingo. Ndivyo nilivyoambiwa, kwa maneno hayohayo, na jirani aliyeingia ukumbini kwangu mbio bila hata kubisha hodi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Mpaka leo sikumbuki nilikiweka wapi.

Anayeishi pwani hii hahitaji kuelezwa zaidi. Samaki aliyevunjika mgongo ni samaki wa baruti. Asubuhi hiyo mlipuko ulisikika upande wa bahari, madirisha yakatetemeka, na kamati ya ulinzi wa pwani ikatawanyika kumsaka aliyelipua. Wakamkuta Farida anatoka kwenye mikoko peke yake. Hana mtumbwi, hana wavu, hana dema la kutegea samaki. Ana ndoo ya kungu, wale samaki wekundu wa mikokoni, wakubwa, wabichi.

Na Farida ni mdogo wake marehemu mume wangu. Hakimu Abdallah, Mungu amrehemu, alikaa mahakamani miaka mingi, na wapiga baruti aliowafunga wanajulikana kwa majina tangu Mtwara mjini hadi huku kwetu, mbele ya Madimba, barabara inapoishia kwenye mikoko ya Ruvuma. Maneno yalianza siku hiyohiyo, na wapo wanaoyasema hadi sasa, kila mmoja kwa namna yake. Nimeona ni afadhali nieleze habari za Farida mimi ninayemjua.

Ni msusi. Saluni yake iko Mtawanya, chumba kimoja chenye kioo kirefu na draya mbili, moja nzima. Aliolewa, akaachika, akakataa kurudi nyumbani kulilia mtu. Mdomo anao. Mteja akilalamika kwamba rasta zimemkaza, humwambia, "Vumilia, shoga. Ukitaka raha, kanyoe."

Uvuvi aliujua kwa simu. Wateja wanapokosekana alikuwa akitazama wavuvi wa nchi za mbali wakivua samaki wa maziwani, wa aina ambayo kwetu haipo, kwa mnyoo wa mpira. Wengine wangetazama wakacheka wakapita. Farida alitazama akafikiri.

"Wifi," aliniambia, "yule samaki anakaa chini ya magogo, anavizia wapita njia. Hiyo si tabia ya kungu? Kungu wetu si anakaa kwenye mizizi ya mikoko kama mume mwenye wivu nyuma ya mlango?"

Nilidhani ni porojo za saluni. Kisha siku moja amekuja kulala kwangu, kichwa kinaniuma, nikafungua mkoba wake kutafuta panadol. Mkono ukatoka na kitu laini, chenye mkia, kinachonukia pipi, kinatikisika chenyewe. Nilipiga ukelele. Mimi, niliyeongoza shule ya sekondari hadi kustaafu, nilikirusha kile kitu mpaka juu ya kabati.

"Huyo hajauma mtu bado," Farida alisema, akipanda kiti kukitafuta.

Mwanzoni alikuwa akikata vidole vya glovu za jikoni kutengeneza vyambo vyake. Baadaye akawa anaagiza Dar es Salaam, vinakuja kwa basi ndani ya bahasha, pamoja na fimbo nyembamba ya kuvulia inayokunjwa ikaingia mkobani. Sikumkataza. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba dada wa hakimu asionekane akichezea tope mbele ya wanaume. Akakubali. Akawa anapita njia ya nyuma, kungali na giza, na kurudi kimyakimya. Sasa kimyakimya hiyo ndiyo iliyomponza.

Nilimkuta dikoni, pale samaki wanaposhushwa, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Dera amelikunja kiunoni juu ya suruali. Nusu ya kijiji ilikuwa imemzunguka.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Hassani, mwenyekiti wa kamati.

"Marahaba. Kuna nini hapa?"

Hassani alimnyanyua kungu mmoja mkiani, mwekundu, mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko. Kichwa kikaning'inia kwa nyuma kama mlango ulioachana na bawaba. Damu ilikuwa imeganda kwenye matamvua. Nimepika samaki maisha yangu yote, sijapata kuona samaki wa namna ile.

"Mwalimu, nakuheshimu sana," Hassani alisema. "Lakini kipimo hiki tulifundishwa na marehemu mwenyewe. Mgongo umevunjika, damu iko kwenye matamvua, basi. Gari la polisi limeshaitwa."

"Nimewavunja mimi," Farida alisema. "Kwa mkono wangu."

Watu wakaguna.

"Kwa nini?" Hassani aliuliza.

"Ili wafe mara moja. Unatia vidole kwenye matamvua, unavuta kichwa nyuma, damu inatoka, nyama inakaa imara mpaka jioni. Ukimwacha apapatike kwenye ndoo, nyama inalegea. Nyinyi mnakula samaki aliyechoka."

"Samaki hachinjwi!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Tangu lini Mwislamu akachinja samaki?"

"Sikumchinja, mama. Nimemvunja shingo tu."

"Ndiyo mbaya zaidi! Astaghfirullah!"

Kassimu, mvuvi wa nyavu ambaye hapendi kupitwa na jambo, aliiokota ile fimbo akaipepea hewani. "Na hiki? Kijiti cha kuangulia mapera ndicho kimevuta kungu hawa? Hii ni geresha. Na chambo chenyewe mpira! Samaki gani anakula kandambili?"

Watu walicheka. Mimi nilimvuta Farida pembeni. "Sema umenunua," nikamnong'oneza. "Kwa mvuvi usiyemjua."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Watamtafuta huyo mvuvi, wifi. Na watampata, hata kama hayupo. Unataka afungwe nani?"

Akaniacha nimesimama, akamgeukia Hassani.

"Kaka Hassani, maji yanajaa. Kungu huingia mizizini pamoja na maji. Nipe nafasi kabla gari halijafika. Nikishindwa, nitapanda mwenyewe, hamtanishika mkono."

Hassani alitazama maji, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Umati wote ukamfuata Farida hadi kwenye mkono wa maji unaoingia mikokoni. Nami nikafuata, kwa viatu vyangu vya kwendea mjini, tope likinimeza hatua kwa hatua. Endapo angeshindwa, angepelekwa rumande mbele ya watu walewale waliomwogopa kaka yake.

Alichagua chambo chenye rangi ya kamba mbichi wa baharini. Akachoma ncha ya ndoana puani mwa kile kimnyoo, akaitoa chini yake kidogo, akaivuta mpaka shingo ya ndoana iliyopinda ikazama kwenye mpira. Kisha akaigeuza, akairudisha ncha ndani ya mwili hata isionekane. Akakinyoosha kwa vidole vilevile vinavyosuka nywele.

"Kikijikunja kidogo tu kinazunguka majini kama feni," alisema, "na kungu si mjinga."

"Umeificha ndoana," Kassimu alisema. "Sasa itamnasaje?"

"Kaka Kassimu, wewe ulipokwenda kuposa ulishika panga mkononi? Isipofichwa itanasa mizizi. Akibana meno, mpira unabonyea, ncha inatoka yenyewe."

Hata Hassani alicheka. Lakini kicheko hakikudumu. Farida alirusha kwa chini, chambo kikateleza chini ya mizizi, kikazama. Akakiinua, akakiacha kianguke. Akakiinua tena. Hakuna kitu. Akahamia mzizi mwingine. Mara mshipi ukadundadunda, akavuta upesi, kikatoka kichwa cha mpira bila mkia, kimekatwa kama kwa mkasi.

"Bunju!" watu walisema kwa pamoja, yaani yule samaki anayejivimbisha, mwenye meno ya kukata kila kitu.

"Bunju amekula ushahidi," Kassimu alisema, na safari hii vicheko vilikuwa vya kikatili.

Farida alitia mkono mfukoni. Alikuwa amebakiwa na kimoja. Alikitia kwenye ndoana polepole, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: akaing'oa chubwi, ile risasi ya kuzamishia, akaitia mfukoni.

"Kizito kinafika chini haraka, wanakirukia bunju," alisema, na nadhani alijisemea mwenyewe. "Kiende taratibu, kama kamba aliyechoka."

Akakirusha pale maji yanayoingia yanapogusa kivuli cha mizizi. Kikaelea, kikaanza kushuka. Hakukigusa. Mshipi ulilala juu ya maji umelegea, naye aliukodolea macho huo mshipi, si maji. Kisha ukaenda pembeni. Peke yake.

Farida hakushtuka. Aliukunja mshipi hadi ulegevu ukaisha, ndipo akavuta kwa mwili mzima. Fimbo ikapinda hadi ncha ikagusa maji. Samaki alikuwa anakimbilia mizizini.

"Rudi nyuma!" Kassimu alipiga kelele. "Rudi nyuma, dada, usimpe mizizi! Akiingia umempoteza!"

Farida alirudi nyuma, akateleza, akaanguka kitako kwenye tope, hakuachia. Alivuta akiwa ameketi. Maji yakafumuka, wekundu ukaonekana, na Kassimu mwenyewe akaingia hadi magotini akamkamata samaki kwa matamvua, akamrusha nchi kavu. Ndoana ilikuwa imepita kwenye mdomo wa juu. Kimnyoo cha mpira kilikuwa bado kinatikisika.

Farida alisogea kwa magoti, akatia vidole, akavuta. Ilisikika "ka", kama kijiti kikavu. Damu ikatiririka kwenye tope. Wanawake walifunika nyuso kwa khanga. Nami nilifumba macho, sitaficha, ingawa nilikuwa namshukuru Mungu muda huohuo.

Hassani aliwalaza samaki wawili pamoja, huyu na mmoja wa ndooni. Shingo zilikuwa zimevunjika pahali pamoja. Akachukua kisu, akawapasua matumbo. Ndani ya wote wawili lile puto la hewa analoelea nalo samaki lilikuwa zima, jeupe, limejaa. Akalibonyeza kwa kidole.

"Baruti hupasua hili," alisema taratibu. "Huwa tunaliona tukitumbua samaki. Hatujawahi kulitazama kama ushahidi." Akatoa simu, akaagiza gari lirudi. Kisha akamshika Farida mkono, tope na damu vivyo hivyo. "Tuwie radhi, dada."

"Nimewawia radhi. Mnirudishie na ndoo yangu."

Watu walianza kucheka tena, vizuri safari hii, na mimi nilikuwa tayari nimeinua kichwa kama inavyonipasa. Ndipo Kassimu aliposema, bila kupaza sauti, akiwatazama wale samaki waliopasuliwa:

"Kaka yangu Issa alifungwa kwa samaki waliovunjika mgongo. Hakuna aliyewapasua tumbo."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Kila mtu pale alijua aliyemfunga Issa ni nani. Walinisubiri niseme kitu. Ningeweza kusema kwamba mahakama ilikuwa na mashahidi, kwamba hakimu huhukumu kwa kinacholetwa mbele yake, na yote yangekuwa kweli. Sijui kama Issa alikuwa na hatia. Mume wangu hakuwa mtu wa kuonea. Lakini nilikuwa nimetoka kuona, kwa macho yangu, jinsi mtu asiye na kosa alivyobakiza kidogo tu kupanda gari la polisi kwa kipimo kilekile.

"Issa yuko wapi?" niliuliza.

"Kitaya. Analima mpunga."

"Nataka kumwona."

"Ukamwambie nini, Mwalimu?"

"Kwanza atuambie yeye," Farida alidakia, akikamua tope kwenye dera lake. "Kaka Kassimu, utatupeleka au tuulize njia?"

Kassimu alitupeleka kesho yake. Issa hakutukaribisha ndani, ila alitoa mkeka akautandika nje. Farida alimweleza juu ya shingo na puto la hewa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia.

"Mumeo aliniuliza swali moja tu," alisema. "Kama nina shahidi. Nilikuwa baharini peke yangu, Mwalimu. Shahidi ningemtoa wapi?"

Nilikuwa nimekwenda na maneno niliyoyapanga njia nzima. Sikuyatumia. Nilisogea kwenye mkeka, nikamwomba aanze tangu asubuhi ya siku ile, asiache kitu.