Mafuta Yaliyonukia Libuyu

Nilimwagiza mdogo wangu anayeishi Ulaya manukato ya maua. Nilisema maua, tena nilirudia mara mbili katika ujumbe wa sauti, kwa kuwa namjua: ukimwagiza chumvi anakuletea sukari pamoja na sababu zake. Baada ya miezi mitatu chupa ikanifikia, imepita mikononi mwa wasafiri watatu na kuvuka mto Ruzizi ndani ya soksi. Ilikuwa ndogo, haizidi kidole gumba, yenye kigololi mdomoni, na ndani yake mafuta ya rangi ya chai. Nikajipaka kwenye kifundo cha mkono, nikanusa. Maua hayakuwamo. Kulikuwa na majani yaliyopondwa, majani machungu, na nyuma yake kitu kama gome la mti lililonyeshewa mvua.

Nikampigia simu papo hapo, nimefura.

"Yaya," akasema, maana ndivyo anavyomwita dada yake, "mwenye kuuzisha aliniambia ni parfum ya batu benye habapendi kunukia sawa batu bote."

Mimi nilichokuwa nataka ni hicho hasa, kunukia kama watu wote. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, anayeishi peke yake katika vyumba viwili huku mtaa wa Nyalukemba, hana haja ya kitu kingine cha kumtenga na wenzake. Lakini mpewa hachagui. Jumatatu nikajipaka, nikaenda nayo shuleni. Darasa langu la nne likanisikiliza kwa utulivu nisiouzoea, hadi mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha mkono na kuuliza kama madame ana kikohozi.

Hakukosea. Harufu ya kwanza ya mafuta yale ilikuwa ya muravumba mtupu, jani ambalo mama yetu alikuwa akitusugulia kifuani tulipokohoa. Nikaona nimekwisha kuyaelewa: ni dawa ya kikohozi iliyotiwa katika chupa ya kizungu na kuuzwa ghali. Nikaapa kuyapa mgongo.

Kisha mapumziko yakafika, nikaketi peke yangu darasani kusahihisha madaftari. Nilipoinua mkono kufuta paji la uso nikasikia harufu nyingine. Muravumba ulikuwa umeondoka. Mahali pake palikuwa pamebaki ubao, ubao wa libuyu uliopigwa randa sasa hivi, ule mwekundu ambao maseremala wetu hutengenezea makabati, milango na masanduku ya kuzikia. Tena haukuwa ubao peke yake. Kulikuwa na joto ndani yake, na jasho kidogo, na moshi wa mbali. Lilikuwa shati lake. Niliweka kalamu chini nikalia, na kengele ilipolia niliwaambia watoto kwamba ndiyo, nina kikohozi.

Mwenye shati alikuwa seremala. Tuliishi pamoja miaka tisa katika vyumba hivi hivi viwili. Alinitengenezea kitanda, kabati na meza, na mlango wa mbele ambao msimu wa mvua huvimba usifungike. Mganga hajigangi: milango ya watu wengine ilifungika vizuri sana. Kila nilipomsuta alisema atautoa na kuupiga randa upya, kesho. Unga wa mbao ulikuwa kila mahali, hata katika kikombe cha chai, nami niligomba. Sijui kwa nini niligomba sana vile.

Ng'ombe wa mahari hakupeleka kwetu. Hatukufika kanisani pia. Ndugu zake walisema nimempita umri, naye alisema watazoea. Hawakuzoea. Kisha akapata kazi Kamituga, kukata miti ya kushikilia mashimo ya dhahabu, akasema akirudi yote yatatengenezwa, mlango na ng'ombe. Huko homa ikamshika. Siku ya nne akarudishwa maiti, kwa gari lililobeba na magunia ya mchele, kwa barabara ile ya matope. Wakampeleka moja kwa moja kwa dada yake mkubwa. Mimi nilipata habari sokoni, kutoka kwa mtu aliyedhani najua.

Nikaenda kwenye kilio. Dada zake walikuwa wameketi chini juu ya magodoro, vitambaa kichwani, mahali pa wafiwa. Nilisimama mlangoni nikingoja mmoja asogee kidogo. Hakusogea mtu. Mwanamke asiyetolewa ng'ombe ni jirani tu, na jirani ana kiti chake cha plastiki huko nje. Wenzake wa karakana walikuwa wamemtengenezea sanduku usiku kucha, libuyu mbichi, hata vanishi haijakauka, na chumba kizima kilinuka mbao na majani yaliyotandazwa chini. Kilinuka kama yeye anaporudi kutoka kazini jioni.

Watu wakapanga mstari kuwapa mkono wafiwa, nami nikapanga. Zamu yangu ilipofika nikamwinamia dada yake mkubwa, ambaye alikula mezani kwangu Noeli mbili, nikamwambia, "Pole sana, maman."

"Aksanti kwa kuja, Madame," akanijibu, kama anavyomjibu mwalimu wa watoto.

Hivyo ndivyo nilivyompa pole mtu mwingine kwa kufiwa na mwanaume wangu. Mimi hakunipa mtu. Si siku ile, si baadaye. Mtaani walijua, lakini hawakujua waseme nini kwa mjane asiyekuwa mke, basi wakanisalimia habari za kazi. Wiki ya pili dada zake walikuja kuchukua vitu vyake, randa, misumeno na nguo zote. Waliacha shati moja kwa sababu lilikuwa katika beseni, limeloweshwa sabuni tangu siku aliyoondoka. Mimi niliyejitia usafi ndiye niliyelilowesha. Shati likanibakia, harufu ilikwenda na maji.

Ilikuwa imepita miaka sita tangu hapo wakati chupa ya mdogo wangu ilipofika. Basi sikuyapa mafuta mgongo. Niliyapaka Jumamosi peke yake, tone moja, nisiyamalize. Nilijipaka asubuhi, nikavumilia muravumba, nikangoja ubao utoke. Hiyo ndiyo ikawa ziara yangu kwake. Ningeweza kusema ilinifariji, ningekuwa mwongo. Mara nyingi ilinifanya nione wazi jinsi nyumba ilivyokuwa kimya, na jinsi chai yangu ilivyokuwa safi.

Jumamosi moja nilitoka nyumbani harufu ya ubao ikiwa imekwisha kujitokeza, nikashuka hadi kwenye kona wanapouza samaki. Kuna mama mmoja pale anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Si mtu wa mtaa huu. Alikimbia vita vijijini kwao, na hapa ana kama mwaka mmoja hivi. Hajui nani alimwoa nani. Alikuwa akinipimia, mara akasimamisha mkono, akanusa hewa.

"Madame, leo uko nanukia kilio," akasema. "Nani alikufa?"

Aliuliza kwa upole, jinsi mtu anavyouliza jambo la kawaida. Nami, mwenye ulimi wangu huu, nikamkata: "Hakuna mutu alikufa. Pima samaki."

"Pardon, Madame."

Nilipanda kilima na samaki wangu. Nyumbani niliweka sambaza mezani, sikuweza hata kuwasha mkaa. Miaka sita nimekaa nikingoja mtu mmoja tu aniulize, na alipouliza nimemwambia apime samaki. Paka wa jirani alikula vizuri siku ile. Mimi nilikaa kwenye kitanda alichonitengenezea seremala wangu, nikajitukana kwa Kiswahili, kwa Mashi na kwa Kifaransa, na wiki nzima sikupata usingizi wa maana.

Jumamosi iliyofuata nikajipaka mara mbili. Nikangoja muda wa saa mbili, nikitazama saa ya ukutani, ili nifike kwenye ile kona ubao ukiwa mkali. Mlango ulikuwa umevimba. Nikausukuma kwa bega, nikatoka. Nilishuka nikipanga majibu njiani. Akiuliza kama tulifunga ndoa, nitasema hivi. Akiuliza habari za ng'ombe, nitasema vile. Mwalimu hawezi kwenda popote bila kutayarisha somo.

Nilipofika, hakuuliza kitu. Alinusa, nikamwona ananusa, kisha akainamisha kichwa na kunipimia samaki, maana nilikwisha kumfunza adabu wiki iliyopita. Akafunga mfuko, akanipa. Nikaushika. Ilibaki kugeuka na kupanda kilima.

"Maman," nikasema, "ile siku uliniuliza nani alikufa."

Akainua macho.

"Ni bwana yangu."

Sauti yangu sikuitambua. Hilo neno sikuwahi kulitamka mbele ya mtu, hata yeye alipokuwa hai.

"Alikufaka lini?"

"Iko miaka sita."

Nilingoja acheke, au ashangae, kwamba kuna mwanamke anayenuka kilio cha miaka sita. Nilikuwa na majibu yangu yote tayari. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, ambalo sikulitayarisha: "Na ulilalaka chini?"

Alikuwa anauliza kama niliketi na kulala juu ya godoro la wafiwa, pamoja na wenzangu.

"Hapana," nikasema. "Habakunipa nafasi."

Aliweka kipimo chake juu ya samaki. Akafuta mikono kwenye kitenge, upande huu na upande ule, taratibu. Kisha akasogea. Alikuwa ameketi juu ya gunia lililokunjwa, akasogea hadi pembeni kabisa, nusu yake ikabaki wazi, akaipigapiga kwa kiganja.

"Ikala hapa, mama."

Nikaketi chini, na sketi yangu ya kazi, kwenye kona ambapo wazazi wa wanafunzi wangu wote hupita. Akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili yenye magamba ya samaki.

"Pole," akasema. "Pole sana, mama. Pole."

Nililia kwa sauti. Sikujizuia, wala yeye hakuninyamazisha. Wanunuzi wakaanza kusimama. Mwanamke mmoja nisiyemjua, mwenye kikapu, akauliza bei, na mama wa sambaza akamwambia, "Ungojee kidogo. Huyu mama alifiwa."

Yule mwanamke akaweka kikapu chini. Akainama hadi uso wake ukafika sawa na wangu, akanipa mkono.

"Pole sana, mama," akasema.

Alikuwa amekuja kununua samaki tu. Nikaupokea mkono wake, nikamjibu kama wanavyojibu wafiwa: "Aksanti kwa kuja."