Asante ya Papa Symphorien

Papa Symphorien alichoma chokaa kule Kabimba mpaka vidole vikawa vigumu kama ganda. Shule hakuiona. Karatasi za nyumba alizitunza mkewe, Mama Emerance, ingawa naye hakujua kusoma. Mkewe alipokufa, mzee hakulia mbele ya watu. Alikaa tu.

Kilio kilipoisha, binti yao Pascasie, mwalimu huko Moba, alifungua sanduku la mama yake ili nguo zigawiwe. Chini ya vitenge akatoa kitabu chembamba, na ndani yake fishi ya dispensere, kadi ya matibabu ya mama.

"Acha hicho," mzee akasema. "Mama yako aliweka fishi mule isikunjike. Kitabu walitugawia mwaka ule wa kura."

Pascasie akafunua, akafunua tena, akaweka fishi kwenye ukurasa mmoja.

"Papa, hii njo katiba. Kifungu cha arobaini na saba kinasema haki ya afya imehakikishwa."

"Haki ya nani?"

"Yetu. Yako. Ya mama."

Mzee akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Si huruma?"

"Haki, Papa."

"Na njo hii niliipigia kura, nikachovya kidole kwenye wino?"

"Njo yenyewe."

Akamwambia arudie. Akarudia mara tatu.

"Siku mama yako alipozidiwa, munganga wa dispensere alitusimamisha mulangoni," akasema. "Eti kitanda hakuna, rudini Jumatatu. Mama yako alikuwa juu ya kinga, baiskeli yetu ile, nimemushika kiuno. Nikavua kofia. Nikamwambia asante."

Jumatatu Emerance hakuifikia.

Asubuhi mzee alivaa koti, akatoka na kitabu kwapani. Mama Blandine, jirani, akamwita toka uani: "Papa Sympho! Kumbe leo umeanza shule?"

"Njo leo," akajibu, hakusimama.

Kule dispensere alimkuta munganga yuleyule. Safari hii kofia hakuivua. Akaweka kitabu mezani.

"Soma pale penye fishi."

Munganga akasoma. Kisha akaona jina kwenye fishi, uso ukambadilika.

"Papa, vitanda ni sita tu. Mimi mwenyewe..."

"Sikuja kugombana. Siku ile nilikuambia asante. Nimekuja kuichukua."

Munganga akabaki na kitabu mikononi, akiangalia meza, akimwangalia mzee. Hakujua ampe nini.