Filimbi ya Mashine Yangu

Jumamosi alasiri, hapa mtaani kwetu Saio, majirani walimfunga kamba mtu asiye na kosa, na mimi ndiye niliyemshika miguu.

Nilikuwa karakanani nyuma ya nyumba, nikijaribu filimbi ya mashine ndogo ya mvuke niliyoiunda kwa mabomba ya shaba. Kwetu filimbi ikilia, maana yake mwizi ameingia, na kila nyumba hujibu. Majirani wakapuliza zao na kugonga masufuria. Haikunijia kabisa kwamba wananijibu mimi. Nilichukua nyundo, nikakimbia nao kumsaka mwizi.

Tukamkamata mgeni aliyebeba gunia la majani ya muhogo.

“Miye nauzisha tu sombe!” alilia.

“Nani alipuliza ya kwanza?” jirani yangu Mama Sifa akauliza. “Aseme aliona nini.”

Mtu mmoja akaokota jiwe. Hapo nilielewa kwamba ya kwanza ilikuwa yangu, lakini niliendelea kumshika miguu.

Filimbi ikalia tena, ndefu, kutoka kwangu. Sikuwa nimezima moto.

“Papa Neema,” Mama Sifa akanigeukia, “iko nani kule kwako anapuliza?”

Mimi mwenyewe nilimfungua mgeni kamba. Simu yake ilipotea katika vurugu ile. Nimeuliza nyumba zote, na mpaka leo haijaonekana.