Foleni ya Ng'washi

Mtu mwenye akili zake timamu, miaka hii ya simu, anaweza kuwa na rafiki wa miaka kumi na asiwe na namba yake? Anaweza. Mimi hapa, Josepha, Mama Koku wa Muleba. Ng'washi, mama wa Kisukuma, alikuwa anakaanga sato kwenye gati la Busisi, na mimi nilikuwa navuka kila mara kwenda Mwanza kuchukua vitenge vya duka langu. Kivuko hakikukosa foleni, na foleni haikumkosa Ng'washi. Namba ya nini? Nilijua nikifika nitamkuta.

Urafiki wetu ulianza kwa kicheko. Sisi Wahaya mgeni tunamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa na ganda lake. Siku moja kivuko kilikwama, nikampa kifuko. Safari iliyofuata nikamkuta amenuna.

"Mama Koku, chai yako haikolei! Nimeichemsha asubuhi nzima, maji yako vile vile!"

Mawe, mama yangu! Nilicheka nikashika mbavu. Nikamfundisha kutafuna. Akatema, akajaribu tena, akasema ni chungu lakini inachangamsha. Tangu hapo sikupita mikono mitupu, naye alinichagulia samaki mkubwa kuliko wote huku akinisema kwa kuchelewa. Mjane yule, kwa karai lile moja, alisomesha watoto watatu, na bado alibakiwa na mdomo wa kuchokoza madereva wa malori mpaka wakaondoka wanacheka.

Kisha duka nikamwachia binti yangu, safari zikaisha. Halafu daraja likafunguliwa pale Busisi, kivuko kikapumzishwa. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia, sisemi uongo. Mume wangu, Kashaija, ambaye amestaafu na hajui kukaa nyumbani, akaamua tuzunguke ziwa kwa gari letu hadi Musoma, kutazama nchi. Mwanza tungesimama tule na kupiga picha mbele ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani. Mimi nikafungasha kahawa ya Ng'washi.

Pale gatini hapakuwa na mtu. Mabanda yameng'olewa, yamebaki majivu na mbuzi wawili. Mpita njia akatuambia akina mama wametawanyika, wengine Sengerema, wengine Mwanza, nani ajuaye.

"Basi twende," Kashaija akasema. "Hotelini nimeshaagiza sato."

"Utamla mwenyewe!"

Nilivuka daraja nimevimba. Ziwa limetanda huku na huku, zuri ajabu, na mimi silitazami. Kilichoniuma si samaki. Nilikuwa nawaza: Ng'washi atasema yule Mhaya alinipenda kwa sababu ya foleni tu, sasa amepata daraja, amenisahau. Na je, kama ni kweli?

Buhongwa, tukikaribia Mwanza mjini, tukaingia kituo cha mafuta. Nikashuka kunyoosha miguu. Dereva wa bodaboda, mtu mzima, alikuwa ameegemea pikipiki yake, shavu limejaa, anatafuna. Akatema ganda karibu na kiatu changu. Nikataka kumgombeza, nikaliangalia lile ganda: la buni!

"Baba, wewe Mhaya?"

"Hapana, mama. Mimi Masalu, Msukuma wa Magu."

"Na hiyo kahawa umeitoa wapi?"

"Kwa mama wa samaki, hapo nyuma. Ukikuta wateja wengi anakupa buni moja utafune, usubiri bila kununa."

Sikumsubiri Kashaija. Nilikimbia na magoti yangu haya mabovu, mkoba unanipiga ubavuni.

Alikuwepo. Karai lile lile, kanga kiunoni, mabenchi yamejaa watu. Akainua macho, akaniona, mwiko ukamtoka mkononi.

"Nilihamia hapa kwa sababu kila gari la darajani linapita hapa!" akapiga kelele, hata salamu hakuna. "Nimechungulia magari mpaka shingo inauma. Ulikuwa wapi, mwanamke wewe?"

Tukakumbatiana, mafuta yake yote yakahamia kwenye gauni langu. Nililia, nikacheka, sikuona aibu. Nilifurahi kama mtoto siku ya Krismasi.

Kashaija akafika anahema, funguo mkononi. "Shemeji, tuna haraka. Tufungie tu wawili tule njiani."

"Haraka?" Ng'washi akashika kiuno. "Shemeji, daraja limekuharibu. Hawa wametangulia. Kaa hapo." Akachomoa buni moja, akamwekea kiganjani.

Watu wakaangua kicheko. Mhaya anakaribishwa kahawa na Msukuma! Kashaija akaitazama ile buni, akanitazama mimi, akakaa, akatafuna. Baada ya muda nikamsikia anabishana na jirani yake juu ya bei ya pamba, viatu amevua.

Nikatoa simu. "Nipe namba yako, tusipotezane tena."

Akageuza samaki, akatikisa kichwa. "Nikikupa namba utanipigia. Mimi sitaki unipigie, nataka upite."

Hotelini hatukufika, na lile jiwe tuliliona kupitia dirisha la gari. Tulikula tumeshiba kungoja, samaki mkubwa kuliko wote akiwa wangu. Tulipoinuka kuondoka, Kashaija alibaki amesimama kando ya benchi, anavaa viatu polepole.

"Shemeji," akasema, "tunarudi Jumapili. Foleni itakuwepo?"

"Kwa ajili yako," Ng'washi akajibu, "nitaipanga mwenyewe."