Vidonge Vinne vya Mageni

Pale Runzewe, ukitaka wali maharage wa kukushikilia mpaka jioni, nenda kwa Mageni. Ukitaka kuongezewa mchuzi, nenda kwingine. Mama huyo ana mkono wa birika, na wachimbaji wanaokula kwake wanasema hata mvuke wa sufuria anaufunika usipotee.

Ubahili huo aliurithi kwa baba yake, mzee Maige, huko Shinyanga vijijini. Enzi hizo ng'ombe wakipelekwa josho unalipa kwa kichwa. Mzee Maige akawa analipia wale tu walioonekana na kupe. Waliobaki anawazungusha nyuma ya josho na kuwarudisha nyumbani wakavu. Nimlipie mzima wa nini, alikuwa anasema. Mwaka huo ndigana, homa inayoletwa na kupe, ikaingia zizini. Ng'ombe thelathini wakabaki tisa, na waliotangulia kufa ni hao hao wazima. Mageni aliisimulia hadithi hiyo kwa wateja, watu wanacheka, naye anacheka, akidhani inamhusu baba yake tu.

Sasa Mageni alikuwa na mimba ya miezi mitano. Baada ya mtoto wake wa kwanza, Sikujua, ambaye sasa yuko darasa la tatu, mimba mbili zilikuwa zimetoka. Hii ya sasa aliibeba kama mtu aliyebeba trei ya mayai kwenye tope. Hata kuni aliacha kupasua, jambo lililomuuma kwa sababu ilibidi amlipe mtu.

Kliniki, nesi Juliana akamwambia kuna kipimo kipya cha ugonjwa unaoitwa klamidia. Vipimo vingine ni bure, hiki cha kuchangia. Mageni akapiga hesabu zake za kawaida, akaona ni bei ya jogoo mzima.

"Nesi, mimi sina panaponiuma. Nilipe jogoo kutafuta ugonjwa ambao wenyewe haujanitafuta?"

Juliana hakukasirika. Alisema hata wakubwa waliokuja kukagua walimuuliza hivyo hivyo, kuna faida gani kupima wanawake ambao hawajalalamika. Akawajibu kwamba ugonjwa huu haupigi hodi. Wanawake wengi wanao na hawasikii kitu, huku wenyewe unakula mirija ya uzazi. Akawaambia mama mmoja tu akikimbizwa hospitali kubwa, mimba imetunga kwenye mrija, gharama yake inapima wanawake wengi sana, na hapo ni kama amefika mzima. Kisha akamgeukia Mageni, akamwambia mtoto naye akipita njia hiyo anaweza kuzaliwa macho yamejaa usaha, au kifua kibovu.

Mageni akashika tumbo. Akatoa hela, akiinyoosha noti moja moja kama anaiaga.

Kipimo kikasema anao. Akapewa vidonge vinne, bei ya sahani tatu za wali, ameze vyote kwa mara moja. Mumewe Luka naye aje achukue vinne vyake, na wasikutane kimwili mpaka wiki ipite baada ya wote wawili kumeza. Juliana alitaka ameze pale pale. Mageni akasema hajala, atameza nyumbani.

Njiani akili ya mzee Maige ikaanza kazi. Vidonge vinne. Watu wawili.

Luka aliporudi Jumamosi kutoka kwenye duara, shimo lao la dhahabu, alikataa. Alisema yeye haumwi, ana nguvu, muulize yeyote kule shimoni.

"Hata ng'ombe wa baba walikuwa hawaumwi," Mageni akamwambia.

Luka ni Msukuma. Ukimtajia ng'ombe waliokufa, anakaa chini. Akafungua mdomo, akapewa viwili. Mageni akameza viwili, akatembea wiki nzima kifua mbele, ametibu nyumba kwa nusu bei.

Mwezi ukapita, akarudi kupimwa tena. Jogoo wa pili. Ugonjwa bado upo.

Juliana akafunga mlango. Akauliza kwa upole kama Luka huko machimboni hana mtu mwingine, maana inaonekana umerudi upya. Hapo Mageni angeweza kunyamaza tu, msalaba aubebe Luka. Na nani angebisha, akiambiwa mchimbaji ana mwanamke wa pembeni? Lakini mtoto akapiga teke, na Mageni akaona aibu mbele ya mtu ambaye hajazaliwa.

"Nesi, vile vidonge tuligawana."

Juliana naye hula kwa Mageni. Hadithi ya josho alikuwa ameisikia mara nyingi kwenye sahani ya wali.

"Mama Sikujua," akasema, "wewe ni mtoto wa mzee Maige kweli."

Safari hii waliitwa wote wawili. Walikaa kwenye benchi, wakameza vinne vinne mbele ya nesi, wakafunua vinywa kama watoto wa chekechea. Luka akasema hata polisi hawamkagui hivyo.

Mwezi mmoja tena. Jogoo wa tatu. Juliana akasoma karatasi, akaisoma tena, akasema hakuna kitu, umepona. Mageni alikaa kwenye ngazi ya zahanati akalia, akacheka, akajifuta kwa kanga, akalia tena. Mtu akamuuliza kama amefiwa.

Mtoto alizaliwa wa kike, ana sauti ya filimbi ya treni. Siku zikapita, nao wakawa wanamchungulia kila asubuhi. Macho safi, meupe, anamkodolea mama yake kama anayemdai.

"Jogoo watatu," Luka akamkumbusha, akitabasamu. "Ungemeza vyote mwanzo wangekuwa wawili."

"Nyamaza, Baba Sikujua. Wale ishirini na mmoja wa baba walirudi?"

Aliporudi kazini, wateja walishangaa. Sahani zilikuja mchuzi unafika ukingoni. Hali hiyo ilidumu siku mbili.